Picha Kupambwa na Picha Kughushiwa: Haki ya Apigwaye Picha katika Karatu na Ngorongoro

Tangu kompyuta zilipoingia katika kazi ya kupiga picha, mpiga picha wa mavazi na mitindo amepata uwezo wa kubadili umbo la mtu baada ya mtu huyo kwisha kuondoka mbele ya kamera. Kiuno chaweza kupunguzwa, shingo kurefushwa, ngozi kung'arishwa, meno kufanywa meupe na kovu kuondolewa, wala mtazamaji asione dalili ya kazi iliyofanyika. Makala haya yanaeleza kazi hiyo, maneno ambayo Kiswahili kinayo ya kuitajia, na swali la haki liambatanalo nayo, yaani, ni nani mwenye ruhusa ya kubadili sura ya mtu mwingine, na kwa kadiri gani. Mifano mingi imechukuliwa katika Karatu na Ngorongoro, kwa sababu huko watu hupigwa picha na wageni kila siku, na picha isiyo ya kweli huweza kuleta madhara yasiyoishia katika kurasa za jarida la mitindo.

I. Mahali na watu wake

Mji wa Karatu umo katika mkoa wa Arusha, juu ya barabara kuu ipitayo Makuyuni na Mto wa Mbu kwenda lango la Loduare, ambalo ndilo mlango wa Ngorongoro. Hifadhi ya Ngorongoro iliundwa mwaka 1959. Eneo lake ni kilomita za mraba 8,292, na mwaka 1979 iliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Tofauti na mbuga za taifa, Ngorongoro iliwekwa iwe mahali pa wanyama wa porini na pa wafugaji pamoja.

Kwa mchunguzi wa lugha nchi hii ina jambo la pekee. Wairaqw wa Karatu, ambao wengi huwaita Wambulu, husema lugha ya Kikushi. Wamaasai na Wadatooga husema lugha za Kiniloti. Wahadzabe wa kandokando ya ziwa Eyasi wana lugha yao yenye vidoko, ambayo haijapatiwa ndugu wa yakini. Tena wako watu wa makabila ya Kibantu waliohamia kwa kilimo, biashara na kazi za utalii. Kati ya watu hao wote, na kati yao na mgeni anayeongozwa na mtembeza watalii, lugha ya mapatano ni Kiswahili. Hata mapatano ya picha hufanyika kwa Kiswahili.

Mapatano hayo yajulikana na kila apitaye njia ile. Vijana wa Kimaasai waliotoka jandoni karibuni, wenye mavazi meusi na nyuso zilizochorwa kwa rangi nyeupe, husimama kando ya barabara. Gari likisimama, bei hutajwa, fedha hutolewa na picha hupigwa. Katika maboma yaliyotengwa kwa wageni kiingilio hulipwa kwanza, kisha kila mtu hupiga picha apendavyo. Upande wa Mang'ola wageni huenda kwa wahunzi wa Kidatooga wafuao bangili za shaba, na kwa Wahadzabe wawindao kwa upinde. Wapiga picha wa mitindo nao huvutwa na nchi hiyo hiyo: ukingo wa kreta, ukungu wa asubuhi, shuka nyekundu na shanga. Pengine humsimamisha mwanamitindo aliyetoka mbali, na nyuma yake wakawapanga wenyeji kama pambo.

Jambo la kuangaliwa ni kwamba mapatano yote hayo huhusu tendo moja tu, nalo ni kufyatuliwa kwa kamera. Yatakayotendeka baadaye, picha itakapofika mezani kwa fundi aliye mji wa mbali, hayatajwi kabisa. Hapo ndipo swali la makala haya linapoanzia.

II. Maneno ya Kiswahili yahusuyo kazi hii

Neno picha ni la mkopo kutoka Kiingereza. Kabla yake Kiswahili kilikuwa na maneno sura, taswira na sanamu, yote yenye asili ya Kiarabu. Leo sanamu ni kitu cha kuchongwa au kufinyangwa, walakini katika kamusi za zamani neno hilo lilikuwa na maana pana zaidi ya mfano wa kitu, hata uwe wa kuchorwa. Sura ndilo neno lenye uzito mkubwa kuliko yote, kwa kuwa ni uso wa mtu mwenyewe na pia ni mfano wa uso huo. Anayebadili sura iliyo katika karatasi hawezi kusema moja kwa moja kwamba hakugusa sura ya mtu.

Tendo lenyewe huitwa kupiga picha, na matumizi ya kitenzi hiki yana fundisho. Mtu aliyevaa nguo zake nzuri akaenda studio kwa hiari yake husema, "Nimekwenda kupiga picha," ingawa aliyeshika kamera ni mwingine. Mtu aliyenaswa njiani bila kuulizwa husema, "Nimepigwa picha." Sarufi ya vitabuni ingesema kwamba wote wawili wamepigwa, lakini msemaji wa kawaida hutofautisha. Aliye radhi hujiweka katika nafasi ya mtenda, na asiye radhi hujiweka katika nafasi ya mtendwa. Basi jambo la ridhaa, ambalo wanasheria wanalitafutia vifungu, tayari limo katika kauli za kitenzi.

Kwa kazi ya kubadili picha iliyokwisha kupigwa hakuna neno moja lililokubaliwa na wote. Kusafisha picha lilikuwa neno la zama za filamu, nalo lilimaanisha kuitia filamu katika dawa hadi picha itokee. Siku hizi baadhi ya watu hulitumia kwa maana ya kuondoa mabaka na makunyanzi. Kuhariri limeazimwa kutoka kazi ya maandishi. Kurekebisha ni neno la jumla mno, nalo lina hatari yake, kwa maana humfanya msikiaji adhani kwamba kabla ya kazi hiyo palikuwa na kosa. Chale za usoni si kosa, wala weusi wa ngozi si kosa. Asemaye kwamba amevirekebisha amekwisha toa hukumu kabla ya kuulizwa.

Maneno mawili ya asili yafaa zaidi kutenganisha haki na dhuluma. La kwanza ni kupamba. Bibi arusi hupambwa, naye ajua kwamba anapambwa; wageni waliokuja arusini nao wajua, wala hapana anayedanganyika. La pili ni kughushi. Mwenye kughushi huchanganya kitu kibaya na kizuri, au kitu cha uongo na cha kweli, kisha akakiuza kana kwamba ni halisi. Mfugaji yeyote aelewa maana ya maziwa yaliyoghushiwa kwa maji. Tofauti baina ya maneno haya mawili haimo katika ukubwa wa badiliko, kwa kuwa bibi arusi aweza kubadilika hata asitambulike, na maji yaliyotiwa katika maziwa yaweza kuwa kikombe kimoja tu. Tofauti imo katika mambo mawili: je, mwenye kitu ameridhia, na je, mpokeaji ajua?

Vinyambuo vya kitenzi pamba vyatimiza maelezo haya. Kujipamba ni tendo la mtu juu ya mwili wake mwenyewe. Kupambwa ni tendo la mwingine, lakini mpambwaji yupo, aweza kusema "basi" au "ongeza." Kazi ya kompyuta haimo katika kauli yoyote ya hizo mbili, kwa kuwa mwenye mwili hayupo, na asiyekuwapo na lake halipo.

III. Mwanzo wa kazi hii

Si kweli kwamba picha zilikuwa safi mpaka kompyuta zikaziharibu. Mwaka 1855, katika maonyesho makubwa ya Paris, Franz Hanfstaengl wa Munich alionyesha picha mbili za mtu mmoja, moja ikiwa kama ilivyotoka na nyingine ikiwa imetengenezwa juu ya negativu kwa mkono, na watazamaji walistaajabu. Tangu hapo kila studio ilikuwa na penseli na wembe wa kufutia makunyanzi. Katika Afrika ya Mashariki kadi za posta za Unguja za mwanzoni mwa karne ya 20, zikiwamo za studio ya A. C. Gomes, zilitiwa rangi baada ya kupigwa. Rangi ya nguo na ya bahari ilikuwa ya mpaka rangi, wala haikutoka katika kamera.

Mfano wa kupendeza zaidi ni wa Lamu, ambako studio ya Omar Said Bakor iliunganisha vipande vya picha kwa mkasi na gundi ikamweka mteja mahali ambapo hakuna mtu awezaye kukaa. Picha hizo hazikumdanganya mtu. Mteja alikuja kwa miguu yake akitaka mzaha ule au pambo lile, na kila aliyeiona picha alijua kwamba ni kazi ya fundi. Hiyo ni picha iliyopambwa kwa maana kamili ya neno.

Badiliko la kompyuta ni la namna nyingine. Mwezi wa Februari 1982 jarida la National Geographic lilisogeza piramidi mbili za Giza zikaribiane ili zienee katika jalada la mbele, na watu wengi walilalamika. Mwaka 1990 kampuni ya Adobe ilianza kuuza programu ya Photoshop, iliyotungwa na ndugu wawili, Thomas na John Knoll. Kazi iliyohitaji fundi stadi na siku nzima ikawa ya saa moja. Leo simu ya mkononi huifanya kwa nukta chache, tena mara nyingine bila mwenye simu kuiamuru. Kilichozidi si tamaa ya kubadili, maana hiyo ni ya kale. Kilichozidi ni wepesi wa kazi na kutoonekana kwake.

IV. Mambo yafutwayo

Mambo yafutwayo katika picha za mitindo yaweza kugawanywa mafungu matatu: alama za mwili, alama za zama, na habari za mtu.

Fungu la kwanza ni alama za mwili. Wako wanawake wa Kidatooga wenye chale zilizochanjwa kuzunguka macho. Ni pambo na ni kitambulisho pia. Masikio ya Wamaasai hutobolewa na ndewe zikavutwa. Programu za kulainisha ngozi hutafuta kila kisicholingana na ngozi iliyo jirani yake na kukifuta. Mashine haijui tofauti baina ya chunusi na chale. Pambo lililotafutwa kwa maumivu hutoweka kwa kugusa mara moja, na hilo hutendeka katika kazi iitwayo ya kupendezesha.

Meno nayo yana habari zao. Katika sehemu nyingi za mkoa wa Arusha na za Bonde la Ufa, maji yana floraidi nyingi itokayo katika miamba ya volkano. Shirika la Afya la Dunia limeweka kipimo kisizidi miligramu 1.5 kwa lita, lakini visima na chemchemi nyingi huko huzidi kipimo hicho, na watoto wanywao maji hayo meno yao huota yakiwa na rangi ya kahawia. Ikizidi zaidi, mifupa nayo hudhurika. Mtu wa huko akipigwa picha akicheka, fundi huyageuza meno yake kuwa meupe. Yawezekana mwenyewe angefurahi, kwa maana wengi huona haya kwa ajili ya meno hayo. Hata hivyo ni lazima kukumbuka kwamba pamoja na doa fundi amefuta ushahidi wa maji. Katika tangazo la sabuni ya meno huo ni uongo ulio wazi. Katika picha ya harusi ya mtu mwenyewe ni pambo. Tendo ni moja, na hukumu ni mbili.

Weusi wa ngozi ndio uguswao kuliko vyote. Dawa za kuchubua ngozi, ziitwazo mkorogo, zilipigwa marufuku Tanzania zile zenye zebaki na haidrokwinoni, kwa sababu ya madhara yake. Lakini picha ing'arishwayo katika kompyuta hutangaza urembo ule ule ambao mkorogo huahidi kuuleta. Serikali hukamata makopo mpakani, na picha hupita bila kukaguliwa.

Kisa kilichojulikana zaidi katika jambo hili ni cha Lupita Nyong'o, mwigizaji wa Kenya aliyepata tuzo ya Oscar mwaka 2014. Mwezi wa Novemba 2017 jarida la Grazia la Uingereza lilitoa jalada lenye picha yake, na nywele zake za kipilipili zilizofungwa nyuma zilikuwa zimefutwa, na zilizobaki zimelainishwa. Yeye mwenyewe alizitangaza picha zote mbili, iliyofutwa na isiyofutwa, akalalamika kwamba nywele zake zililazimishwa zifuate mawazo ya wengine juu ya nywele nzuri. Mpiga picha, An Le, aliomba radhi. Jarida nalo liliomba radhi, likisema kwamba halikuamuru badiliko lile. Kisa hiki chafundisha mawili. Kwanza, badiliko lilitendeka bila mwenye sura kuulizwa, ijapokuwa yeye ni mtu mashuhuri mwenye mawakili na sauti ya kusikika duniani. Pili, aliweza kujitetea kwa sababu alikuwa na picha ya asili mkononi. Mwanamke wa boma la Ngorongoro hana picha ya asili, wala huenda asione kamwe ile iliyobadilishwa.

Yafaa pia kumtaja Flaviana Matata, aliyekuwa Miss Universe Tanzania mwaka 2007. Alikwenda katika mashindano ya dunia huko Mexico akiwa amenyoa kichwa, jambo ambalo wengi katika ulimwengu wa urembo waliliona geni. Katika Ngorongoro, ambako mwanamke wa Kimaasai hunyoa nywele zake na kuvaa shanga, hapana ambaye angeshangaa. Mapambo ya mwili hupimwa kwa kipimo cha mahali. Programu ya kompyuta huja na kipimo kimoja tu.

Fungu la pili ni alama za zama. Hapa fundi hamfanyi mtu awe mzuri zaidi, bali humfanya awe wa kale zaidi. Saa ya mkononi hufutwa, simu hufutwa, nguzo ya umeme na paa la bati huondolewa, hata katambuga za mpira wa gari hufichwa katika nyasi. Mfano wa zamani ni wa Edward Curtis wa Marekani, ambaye mwaka 1910 aliwapiga picha Wahindi Wekundu wawili katika hema lao, na katika picha iliyochapishwa akaifuta saa iliyokuwa katikati yao. Hata kitabu cha Jimmy Nelson kilichotoka mwaka 2013, chenye picha za Wamaasai wa Tanzania miongoni mwa watu wengine wa dunia, kilishutumiwa na shirika la Survival International kwa kuwaonyesha watu walio hai kana kwamba ni masalia yanayopotea. Na hapo lawama ilikuwa juu ya jinsi watu walivyopangwa na kuvishwa, wala si juu ya kompyuta.

Katika Ngorongoro kosa hili si dogo. Mwaka 1959 ndio mwaka ambao Wamaasai waliokuwa Serengeti walitolewa na kuelekezwa Ngorongoro, na ndio mwaka ilipotoka filamu ya Bernhard Grzimek juu ya Serengeti, iliyopata tuzo ya Oscar mwaka 1960 na kuifundisha dunia kuiona nchi ile kuwa nchi ya wanyama peke yao. Wakati huo wakazi wa Ngorongoro walihesabiwa kuwa 8,000 hivi. Baada ya miaka sitini walikuwa wamefika kadiri ya 100,000. Mwaka 2022 serikali ilianza kuwahamishia wakazi katika kijiji cha Msomera wilayani Handeni, ikisema kwamba wanahama kwa hiari. Wako wenyeji na watetezi wa haki waliopinga maelezo hayo. Katika shauri kama hilo picha ni ushahidi. Ikionyesha mfugaji asiye na simu, shule wala bati, yaweza kutumiwa kusema kwamba maendeleo hayamfai. Na mfugaji halisi akionekana na simu yake, yaweza kusemwa kwamba si Mmaasai wa kweli na hivyo amepoteza haki ya kukaa. Aidha picha iliyofutwa boma zima ili mwanamitindo asimame mbele ya nchi tupu huwafundisha maelfu ya watazamaji kwamba nchi ile haina wenyewe. Mpiga picha wa mavazi huenda hakukusudia lolote katika hayo. Hata hivyo aliyeweka uongo sokoni hawezi kuchagua mnunuzi wake.

Fungu la tatu ni habari za mtu. Mwaka 1975 Peter Beard alikutana mjini Nairobi na Iman, binti wa balozi wa Somalia aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Alipofikishwa New York, magazeti yaliambiwa kwamba ni mchunga mifugo aliyeokotwa porini. Picha zenyewe hazikuguswa. Kilichoghushiwa ni maelezo yaliyoandikwa chini yake. Kisa hiki chastahili kukumbukwa na wachunguzi wa lugha hasa, kwa sababu chaonyesha kwamba kalamu yaweza kufanya kazi ya programu ya kompyuta, na maneno machache yaweza kumvua mtu elimu yake kwa urahisi kuliko rangi imvuavyo chale.

V. Badiliko lililo haki

Itakuwa kosa kutoka katika mifano hii na kusema kwamba kila badiliko ni dhuluma. Kamera si jicho, na picha isiyoguswa si lazima iwe ya kweli. Kwa miaka mingi maabara za picha za rangi zilisawazisha mitambo yao kwa kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizoitwa kadi za Shirley. Ngozi ya kizungu ilitoka vizuri, na ya Mwafrika ikatoka kama kivuli kisicho na macho wala tabasamu. Upungufu huo haukutoka katika nuru. Ulitoka katika uchaguzi wa watengenezaji. Mwaka 2021 kampuni ya Google ilitangaza kamera ya simu iliyosawazishwa upya kwa ajili ya ngozi nyeusi, na kwa kufanya hivyo ilikiri kwamba usawazishaji wa zamani haukuwa wa haki.

Mpiga picha wa Ngorongoro alijua hilo zamani. Jua la saa sita likimwangaza mtu mweusi aliyesimama mbele ya mbingu nyeupe, kamera hupima mbingu na kumwacha mtu gizani. Fundi akiongeza nuru usoni hata macho yaonekane, hakughushi. Amemrudishia mtu alichonyang'anywa na mtambo. Tofauti baina ya kazi hii na kung'arisha ngozi ni nyembamba lakini ni ya kweli. Katika ya kwanza kipimo ni mtu mwenyewe: je, ndivyo alivyokuwa mbele ya macho ya waliokuwapo? Katika ya pili kipimo ni mfano wa urembo ulio nje yake. Kadhalika kuondoa vumbi la lenzi ni kazi ya usafi tu.

VI. Sheria na mipaka yake

Nchi kadhaa zimejaribu kuitia kazi hii katika sheria. Israeli ilipitisha sheria mwaka 2012, iliyoanza kutumika mwaka 1 baadaye, ikiamuru kila tangazo lililopunguza mwili wa mwanamitindo liseme hivyo. Ufaransa iliamuru kwamba kuanzia tarehe 1 Oktoba 2017 picha za matangazo zilizobadilisha umbo la mwili ziandikwe kuwa ni picha zilizorekebishwa, na faini yake ni yuro 37,500. Norway ilifuata tarehe 1 Julai 2022, ikaongeza rangi na hali ya ngozi. Sheria hizo zimetungwa kwa ajili ya mtazamaji, hasa kijana anayejipima kwa picha za uongo. Wachunguzi kama Marika Tiggemann wa Australia wameona kwamba maandishi hayo hayamsaidii sana mtazamaji. Huyasoma, na bado hujilinganisha. Jambo hili si la kushangaza. Mithali yasema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na watu huijua mithali wakaununua mkakasi.

Tena sheria za namna hiyo hazimlindi aliyepigwa picha. Tanzania hazipo za aina hiyo, lakini Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 16, yampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kuhifadhiwa nafsi yake na maisha yake binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika mwezi wa Mei 2023. Nchini Kenya, ambako sheria kama hiyo ilipitishwa mwaka 2019, klabu moja ya Nairobi iliamriwa mwaka 2023 ilipe shilingi 1,850,000 kwa kutangaza picha ya mteja bila ridhaa yake. Kwa upande mwingine, Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 yamruhusu mwenye kutunga kazi apinge kazi yake isipotoshwe. Katika picha mtungaji ni mpiga picha. Kwa hiyo aliyeshika kamera aweza kulalamika picha yake ikiharibiwa, na aliye ndani ya picha hana kifungu kama hicho katika sheria hiyo cha kulalamikia uso wake.

Siku hizi jambo limesogea mbele zaidi. Mwaka 2017 Mwingereza mmoja, Cameron-James Wilson, alitengeneza kwa kompyuta mwanamitindo mweusi aitwaye Shudu, ambaye hakuzaliwa na hayupo. Mwaka 2023 kampuni ya Levi's ilitangaza kujaribu wanamitindo wa namna hiyo ili watu wa rangi na maumbo mbalimbali waonekane, ikalaumiwa na wengi. Huko ndiko mwisho wa njia ya kufuta: baada ya kufuta kovu, nywele na weusi, hufutwa mtu mwenyewe pamoja na ujira wake, ikabaki sura isiyo na mwenyewe.

VII. Mwisho

Katika maelezo haya yote vipimo vitatu vyajitokeza. Cha kwanza ni ridhaa: mwenye sura aulizwe juu ya kupigwa picha na pia juu ya yatakayotendwa kwa picha, tena aulizwe kwa lugha aijuayo. Cha pili ni ujuzi wa mtazamaji: apewe njia ya kutambua kwamba akionacho ni pambo. Cha tatu ni madhara: badiliko lipimwe kwa kuangalia litamfanyia nini mtu huyo na watu wake mahali wanapoishi. Badiliko lenye kutimiza vyote vitatu ni kupamba. Lililokosa ridhaa na likafichwa ni kughushi, hata likiwa dogo kama chale moja.

Kwa vitendo, hilo si gumu katika Karatu na Ngorongoro. Mapatano ya bei tayari hufanywa kwa Kiswahili. Maneno machache zaidi yangetosha: picha itakwenda wapi, nini kitaondolewa, na nakala itarudi lini. Nakala hiyo ndiyo ya maana kuliko yote, kwa kuwa bila nakala mtu hana cha kulinganisha. Kazi ya wachunguzi wa lugha ni kuyaweka maneno mahali pake, ili kurekebisha lisitumiwe palipo na kughushi, na ili anayejadiliana kando ya barabara ya Loduare awe na neno la kukatalia. Akiwa na neno hilo, aweza kusema "nimepiga picha," wala asibaki na "nimepigwa."